Mteja wa Kwanza na Usingizi wa Mwenye Shughuli

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii na Afisa Biashara wa wilaya.)



Barua ya Katibu iliniagiza nizungumze juu ya vijana na kujiajiri. Nilipoisoma nilicheka kidogo peke yangu, kwa sababu mimi tangu nilipotoka Chuo Kikuu nimeajiriwa na serikali, na kila mwisho wa mwezi napokea mshahara wangu. Mtu wa namna hiyo ana lipi la kuwaambia wanaojitafutia wenyewe?

Lakini nimeona ninayo mambo mawili. La kwanza ni kazi yangu. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya meza inayopokea watu wanaoanzisha shughuli: wanaokuja kwa leseni, na vikundi vinavyoomba mkopo wa halmashauri, yaani ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. La pili ni kwamba ninaye mdogo wangu wa tumbo moja, aliyesoma shule hii hii, aliyeanzisha kampuni yake na nusura imzike. Yumo humu ukumbini. Nilipomwomba ruhusa niseme habari zake alinijibu, "Kaka, sema yote, ila usinitaje jina wala usiniambie nisimame." Kwa hiyo ndugu zangu msigeuze shingo kumtafuta.

Mashine kumi na mbili

Mdogo wangu ni mhandisi. Mwaka 2015 aliacha kazi ya kuajiriwa ili atengeneze mashine ndogo ya kupukuchua mahindi. Ninyi mnaotoka Nyanda za Juu Kusini mnaijua taabu yenyewe. Baada ya mavuno mahindi hutiwa katika magunia yakapigwa kwa fimbo kutwa nzima. Mikono inavimba na punje zinavunjika, na punje iliyovunjika haikai ghalani, huwa chakula cha wadudu. Mashine kubwa zinazoendeshwa kwa trekta zipo, ila hazipandi kila kilima. Yeye alitaka mashine ya injini ndogo ya petroli ambayo watu wawili wanaweza kuibeba mpaka uani kwa mwenye mahindi.

Mashine ilikuwa nzuri, na hilo sisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Alikaa karakana miezi 14. Alibadili ngoma, akabadili chekeche, akabadili mkanda, kisha akapaka rangi ya bluu. Mimi nilichukua mkopo wa mshahara nikampa shilingi milioni 6. Yeye akaenda kwenye taasisi moja ya mikopo, akaweka rehani hati ya nyumba ya baba. Kufikia Juni mwaka 2016 zilikuwa zimepangwa mashine 12 kwenye mstari kama askari wa gwaride.

Katika miezi yote hiyo 14 hapakuwa na mtu mmoja aliyeulizwa kama angeinunua.

Msimu ulipofika hakwenda kuuza mwenyewe. Alisema yeye ni fundi, kuuza ni kazi ya watu wenye maneno. Akamtafuta kijana mmoja mchangamfu, akampa picha za mashine na ahadi ya kamisheni. Yule kijana alizunguka majuma matatu, kisha akapata kazi nyingine. Msimu ukaisha. Iliuzwa mashine moja tu, na aliyeinunua ni mjomba wetu.

Kuhusu mjomba nitasema kitu. Yeye alinunua kwa huruma. Mahindi yake yalikuwa gunia 9. Lakini mdogo wangu aliihesabu ile kama dalili kwamba soko lipo, akakopa tena kidogo. Huruma ya mjomba ilimpotosha kuliko angemwambia tu, "Mwanangu, mimi siihitaji."

Saa nane usiku

Mwezi wa Novemba mwaka huo, shemeji yangu alinipigia simu saa nane usiku. Mumewe hakuwa amerudi nyumbani siku mbili na simu yake imezimwa. Nilipanda basi la alfajiri. Nilimkuta karakana, amekaa katikati ya mashine 11, anafuta vumbi kwenye mashine ambayo haikuwa na vumbi. Alikuwa amekonda hata kola ya shati inamzunguka. Katika mtoto wa meza nilikuta barua sita za ile taasisi ya mikopo. Hata moja haikufunguliwa. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Kaka, nikizifungua zitakuwa kweli."

Nilimpeleka hospitali ya mkoa. Alikuwa na miaka 31, na shinikizo la damu lake lilikuwa la mzee. Kwa majuma mengi alikuwa halali zaidi ya saa tatu kwa usiku. Daktari, binti mdogo kuliko sisi sote wawili, alikaa naye muda mrefu, akampa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Kisha akaniita nje akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema ni kaka yake. Akauliza tena, "Ukimpigia simu, huwa unamwuliza nini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu la kujivunia. Kwa mwaka mzima, kila nilipompigia niliuliza neno moja: "Mauzo yanakwendaje?" Na kila mara alijibu, "Yanakwenda kaka." Mimi mwenye mkopo wangu ndani ya mashine zile nilitaka kusikia hivyo, nikaridhika. Sikumwuliza hata siku moja kama amelala.

Shirika la Afya Duniani, lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lilieleza hali ya kuchakaa kwa ajili ya kazi. Halikuiita ugonjwa, bali liliiita hali itokanayo na msongo wa kazi usioshughulikiwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kujiona hafai tena katika kazi yake. Niliposoma maelezo hayo nilimkumbuka mdogo wangu na kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Tulizifungua zile barua pamoja, juu ya kitanda cha wodi. Ile aliyoiogopa kuliko zote, yenye muhuri mwekundu, ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Ilikuwa inamwita aende akazungumze ili marejesho yapunguzwe. Miezi miwili alikuwa amekosa usingizi kwa kuogopa mlango uliokuwa wazi. Tulikwenda. Afisa mikopo alifoka, kisha akapunguza.

Siku ya gulio

Juni mwaka 2017 nilichukua likizo yangu, tukapakia mashine moja kwenye guta tukaenda gulioni, yeye mwenyewe na mimi. Tuliiwasha mbele za watu. Watu wakajaa. Mdogo wangu akaanza kueleza nguvu za farasi na mizunguko ya ngoma kwa dakika. Mama mmoja akamkatiza: "Baba, lita moja ya petroli inapukuchua gunia ngapi?"

Hakujua. Alijua kila nati ya mashine ile, lakini hilo hakuwahi kulipima.

Mzee mmoja akauliza, "Ikinifia mwezi wa saba, nitakupata wapi?" Hilo nalo hakuwa na jibu. Kisha kijana mmoja mwenye bodaboda, aliyekuwa amesimama pembeni, akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Nikizunguka nayo kwa watu, kwa siku nabaki na shilingi ngapi?"

Siku hiyo hatukuuza kitu. Lakini usiku tulikaa na karatasi. Tulipima lita moja, ikatoa gunia 8. Mkulima wa gunia 15 hana haja ya kununua mashine ya shilingi 1,200,000 ili aitumie siku moja kwa mwaka. Yule kijana je? Akipukuchua gunia 40 kwa siku kwa shilingi 1,500 kila gunia, anapata 60,000. Petroli lita 5, wakati ule ilikuwa kama 10,000. Msaidizi wake 10,000. Anabaki na 40,000. Kwa siku 30 za kazi mashine imejilipa, na msimu wetu una siku kama 60. Kumbe kwa muda wote ule tulikuwa tunamwuzia mtu asiyehusika. Mnunuzi wetu alikuwa kijana wa bodaboda, na mkulima alikuwa mteja wa huyo kijana.

Juma lililofuata alimtafuta yule kijana, akamwonyesha hesabu ile kwenye daftari. Kijana alilipa nusu mkononi, nusu baada ya msimu. Mdogo wangu akaandika namba yake ya simu juu ya bati la mashine kwa rangi nyeupe, ndiyo ikawa jibu la yule mzee. Msimu ule aliuza mashine 7, zote kwa mkono wake mwenyewe.

Hata wakubwa walipita hapo

Vijana msidhani kosa hili ni la watu wa kwetu tu. Mwaka 1946 Wajapani wawili, Masaru Ibuka na Akio Morita, walianzisha mjini Tokyo kampuni ndogo ambayo baadaye iliitwa Sony. Mwaka 1950 walitoa mashine ya kunasa sauti kwa utepe. Ilikuwa nzito. Watu waliitazama, wakafurahi kusikia sauti zao, wakaondoka bila kununua. Morita ameandika katika kitabu chake kwamba alifikiri kitu kizuri hujiuza chenyewe, na kwamba alianza kuelewa siku alipomwona mtu katika duka la vitu vya kale akinunua chungu cha zamani kwa bei kubwa kuliko ya mashine yake. Yule mnunuzi aliiona thamani, wake hawakuiona. Basi akaanza kutafuta nani ana shida ambayo mashine ile inaiondoa. Akagundua kwamba baada ya vita mahakama za Japani zilikuwa na upungufu wa waandishi wa hati mkato. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikanunua mashine zipatazo 20. Mashine haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mlango aliokwenda kubisha hodi.

Wala si habari za zamani tu. Kampuni ya Airbnb ya Marekani, inayowaunganisha wageni na wenye nyumba, mwaka 2009 ilikuwa bado haijulikani. Waanzilishi wake walifunga safari kwenda New York, wakapita nyumba kwa nyumba na kamera wakiwapigia picha wenye nyumba waliojiandikisha, kwa sababu picha zilizokuwapo zilikuwa mbaya na hazikuwavuta wageni. Hawakutuma mtu. Kwa kwenda wenyewe waliona kwa macho yao kilichokuwa kinakwamisha shughuli.

Kwa nini sisi wasomi tunaogopa

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mdogo wangu, mwenye akili kuliko mimi, alikaa miezi 14 bila kumwuliza mtu. Nathubutu kusema jibu moja liko katika ukumbi huu. Sisi tuliosoma shule hii tumelelewa na alama. Tumefika hapa kwa sababu kila mtihani tulipewa "ndiyo". Kuuza ni mtihani ambao msahihishaji wake ni mama wa gulioni, hakuombi cheti, na mara tisa kati ya kumi anakupa sifuri mbele ya watu. Mtu aliyezoea kuwa wa kwanza hawezi kuvumilia hilo. Kwa hiyo anajificha karakana, anaongeza rangi, anasema bado haijawa tayari.

Na hapa ndipo mauzo na usingizi vinapokutana, nalo ndilo neno langu kubwa leo. Anayeogopa kukataliwa huwakimbia wateja. Akiwakimbia hauzi. Asipouza, madeni yanakua. Madeni yakikua anaogopa zaidi, na sasa anawakimbia hata mkewe na kaka yake. Dawa ya mauzo na dawa ya usingizi huanzia mahali pamoja: kwenda mapema kusikia "hapana" wakati bado ni ya bei rahisi. "Hapana" ya mashine moja ya majaribio ingemgharimu majuma machache. "Hapana" ya mashine 12 nusura igharimu nyumba ya baba.

Machache ya kufanya

Kwa wale walio katika shughuli changa, au watakaoingia, nayaweka mezani mambo matano.

Kwanza, wateja wako kumi wa mwanzo watafute mwenyewe. Usimwajiri mtu wa kuuza kabla wewe hujauza. Utamfundisha nini, ikiwa hujui ni swali gani mnunuzi huuliza kwanza?

Pili, uwe na daftari la "hapana". Mdogo wangu aliandika kila aliyekataa na sababu yake. Wako waliokataa kwa sababu ya bei, wako waliokataa kwa sababu ya vipuri, wako ambao hawakuwa wateja kabisa. Ukiisha kuiandika, "hapana" inakuwa habari ya mashine, haiwi tena hukumu juu yako.

Tatu, usihesabu ununuzi wa ndugu. Ukiniomba mkopo wa kikundi, mimi huuliza, "Nani asiye ndugu yenu amekwisha kuwalipa?" Wengi huona naleta ukorofi.

Nne, pesa ya nyumba isiingie karakana, na hesabu isikae kichwani mwako peke yako. Kila Jumamosi mdogo wangu na mkewe hukaa mezani wakaandika: kilichoingia, kilichotoka, tunachodaiwa. Nusu saa tu. Shemeji anasema tangu waanze hivyo, deni limekuwa tarakimu, halifiki tena usiku kama jini.

Tano, funga mlango saa iliyopangwa ukalale. Na usingizi ukikosekana majuma mawili, ukaanza kukonda, kuzima simu au kuona hufai kitu, nenda hospitali kama vile ungekwenda kwa homa. Daktari wa mambo hayo si wa wenda wazimu.

Neno la mwisho

Mdogo wangu hakuwa tajiri. Hati ya baba ilirudi kabatini mwaka 2019, nami alimaliza kunilipa mwaka 2021. Karakana yake ina mafundi wanne. Dawa ya shinikizo la damu anaendelea nayo. Wala sisemi kila shughuli itapona. Mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja alifunga kiwanda chake cha sabuni, akalipa wadai wake kidogo kidogo, na leo anafundisha na analala vizuri. Kufunga duka si msiba. Msiba ni mtu kufa nalo.

Kaka zangu wenye kazi na mishahara, nasi tuna sehemu yetu. Mdogo wako akikuletea bidhaa yake, inunue kama unaihitaji, na kama huihitaji mweleze sababu kwa upole na kwa ukweli. Ukimpigia simu, uliza mauzo, lakini uliza pia, "Umelala saa ngapi jana?" Kisha nyamaza, ungoje jibu. Mimi nilichelewa kuliuliza swali hilo, nikabahatika kwamba sikuchelewa kabisa.

Nanyi vijana wenye sare, mkitoka hapa mtapewa "hapana" nyingi na watu wasiojua mlikuwa wa ngapi darasani. Zipokeeni mapema, ziandikeni, mrudi nyumbani mle, mlale, kesho mwende tena.